Ukurasa wa Kumi na Nne

Wewe ukiambiwa maji yanakuja, ungependa uambiwe saa ngapi? Kabla hayajafika, utasema, na hilo ndilo jibu la kila mtu. Lakini mzee Abduba, mfugaji wa nyanda za Tana, aliambiwa Jumatatu saa moja na dakika mbili asubuhi, akiwa amesimama mbele ya kaburi la mkewe na udongo bado mikononi. Simu ililia mfukoni. Akaitoa, akampa mpwa wake amsomee. Meseji ilisema: "Tahadhari. Mto unapanda. Hamisheni watu na mifugo leo kabla ya adhuhuri."

Mkewe, Ruwaida, alikuwa amechukuliwa na mto huohuo Jumapili saa nane mchana, akifuata ndama watatu waliobaki upande wa pili wa mkondo.

Simu hiyo sasa ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Mwanahamisi, kituoni Garsen, ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilikuwa simu ya vitufe, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa na daftari. Mwanahamisi alikuwa mtu wa Kipini, umri wake miaka hamsini na miwili, na mazoea yake yalikuwa kuandika kila kitu kwa penseli kwanza. Wino aliupitisha baadaye, akishaamini.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa na mistari mitatu tu ya penseli. Jumapili saa 1:02 asubuhi, wakulima wamepata meseji. Jumapili saa 8:00 mchana, maji. Jumatatu saa 1:02 asubuhi, wafugaji wamepata meseji.

Aliitazama kwa muda. Halafu akapiga mstari chini ya saa ya kwanza na ya tatu.

Mahabusuni alikuwemo kijana wa miaka ishirini na saba, Josiah Randu, Mgiriama aliyezaliwa kwenye mashamba ya mfereji kule Bura. Ndiye aliyeandika programu ya kutuma tahadhari hizo. Tangu akamatwe Jumanne alikuwa ametaja jina lake na la marehemu baba yake, basi. Kesho Ijumaa asubuhi angepelekwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, kwamba aliwapa habari wakulima wenzake na kuwaficha wafugaji kwa makusudi. Karatasi ya shtaka ilikuwa tayari. Ilikosa sahihi ya Mwanahamisi.

Nje, kwenye benchi la wageni, Abduba alikuwa ameketi tangu kituo kifunguliwe. Koplo Dabaso alimpelekea chai, akaikataa. Alimwuliza kwa Kiorma anataka nini, mzee akasema anangoja. Dabaso akauliza anangoja nini. Mzee akageuza uso, akatazama barabara.

"Walete wale wa ofisi," Mwanahamisi alisema.

Walikuwa wawili. Philemon Kiti, meneja wa mradi wa tahadhari, aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Nyuma yake akaja Stacy, msichana mwembamba aliyekumbatia kompyuta yake kifuani. Wazazi wake Stacy walitoka kusini wakahamia mashamba ya mpunga hapo chini ya Garsen, na yeye kazaliwa humo mashambani.

"Madam, taarifa yangu nimeshaandika," Philemon alisema kabla hajaketi. "Kurasa sita."

"Nimezisoma. Sasa niambie kana kwamba unamwambia bibi yako."

Philemon akakohoa. "Sisi tumetengeneza kiunzi. Ni kama mtu akusimamishie fito na nguzo za nyumba, wewe unakuja kukandika tu. Mwandishi wa programu yeyote, awe hapa au Madogo, anachukua kiunzi chetu anajengea yake juu. Josiah alichukua akajengea programu ya tahadhari."

"Endelea."

"Zamani ilikuwa inatuma meseji moja baada ya nyingine. Namba elfu nne. Inachukua muda. Josiah akaigawa iwe na nyuzi mbili. Uzi ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya programu. Mmoja anawatumia meseji wakulima, mwingine wafugaji, wakati mmoja."

"Na orodha ya namba?"

"Orodha ni moja," Stacy alidakia. "Ndiyo maana inabidi wapeane nafasi. Kila mmoja anaweka alama humo nani kapata na nani bado. Wakiandika wote pamoja, alama zinavurugika. Kwa hiyo kuna kitu tunakiita mpini. Ni mmoja tu. Uzi wenye mpini ndio unaogusa orodha. Usio nao unangoja."

"Na Jumapili ikawaje?"

Stacy akafungua kompyuta, akaigeuza. Mwanahamisi akavaa miwani. Palikuwa na safu ndefu za saa na tarakimu.

"Uzi wa wakulima ulishika mpini saa moja kamili. Kufika saa moja na dakika mbili umemaliza kutuma. Hauna kazi tena. Lakini mpini haukuuachia. Ulikaa nao hadi Jumatatu saa moja. Ulipouachia tu, wafugaji wakatumiwa."

"Saa ishirini na nne kamili."

"Kamili."

"Hiyo si kuharibika, Madam," Philemon alisema. "Kitu kikiharibika hakiangalii saa. Kuna mstari ndani, umeandikwa na mkono wa Josiah: kaa na mpini saa ishirini na nne. Hakuna mwandishi wa programu duniani anayefanya hivyo bila kukusudia. Hata mwanafunzi wa wiki moja."

"Stacy?"

Stacy alitazama vidole vyake. "Mimi sijawahi kuona mtu akifanya hivyo."

"Na yeye ni mtoto wa mfereji," Philemon akaongeza. "Mfano wenyewe kwenye mwongozo wa kiunzi chetu ni wa lango la mfereji. Kama kuna mtu wa kuuelewa, ni huyo. Halafu kuna ile ya mahindi. Imo kwenye ukurasa wangu wa tano."

Ile ya mahindi Mwanahamisi aliijua. Mwanzoni mwa Mei ng'ombe waliingia shamba la mama yake Josiah wakala mistari kumi na minne. Josiah alikuja kazini kesho yake akasema, watu wanne wakimsikia, kwamba iko siku mto utawafunza hao adabu. Wote wanne walikuwa wameandika taarifa, na maneno yalilingana.

"Huo mstari wa saa ishirini na nne uliandikwa lini?" aliuliza.

Stacy akabonyeza, akatafuta. "Tarehe kumi na mbili Machi."

"Na haujaguswa tena?"

"Haujaguswa."

Mwanahamisi akaandika kwa penseli: Machi 12, mstari. Mei, mahindi. "Alilipiza kisasi cha mahindi ambayo yalikuwa hayajapandwa?"

Philemon alinyoosha mkono wa shati. "Chuki haianzi na mahindi, Madam. Unajua eneo hili."

"Nalijua. Nipe huo mwongozo."

Stacy akampa karatasi zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na kichwa cha habari, Nyuzi Nyingi, Orodha Moja, na chini yake maneno machache. Mwanahamisi aliyasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Orodha ni moja na nyuzi ni nyingi, kwa hiyo mpini ni mmoja. Uzi unaotaka kugusa orodha ushike mpini kwanza. Usio na mpini ungoje. Fikiria lango la mfereji na wenye mashamba wawili." Akageuza karatasi. Upande wa pili palikuwa na mambo mengine. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Akishamaliza."

"Anarudisha mpini."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa," Stacy alisema. "Lakini hiyo kila mtu anaijua."

"Mimi siijui. Kipini hatuna mifereji."

Philemon akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Hapo ndipo sauti zilipopanda kwenye kaunta. Koplo Dabaso alikuwa akibishana na mwanamke.

"Mama, hii ni silaha. Ukimgonga nayo mtu humu, tunatafuta sanda."

"Silaha ya nani? Umeona wapi silaha imepakwa grisi? Nusa."

"Sinusi chuma cha mtu, mama."

"Basi nirudishie. Au niwapigie wenzangu niwaambie maji ya block yetu nzima ya mashamba yamekamatwa na koplo?"

Mwanahamisi akatoka. Mwanamke mwenye leso mbili za kijani na zambarau, viatu vya plastiki vyeupe kwa vumbi la safari, alikuwa ameweka kapu juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na kontena la ugali, mchicha uliofungwa kwenye sahani mbili, na sabuni ya kipande. Alikuwa Jumwa, mama yake Josiah, ameteremka basi la kutoka Bura. Mkononi mwa Dabaso palikuwa na chuma cheusi chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Ncha moja ilikuwa imepindwa, na ya pili ilikuwa na tundu la pembe nne.

"Ni nini hiki, mama Josiah?"

"Mpini wa maji, Inspekta. Wa kuzungushia lango."

Stacy, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma, alisogea hatua moja.

"Umekuja nao Garsen wa nini?" Mwanahamisi aliuliza.

"Zamu yangu haijaisha. Inaisha kesho saa moja asubuhi. Niuache wapi?"

"Si langoni?"

Jumwa akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea mlango. "Langoni! Nikiuacha langoni, jirani anafunga langu anafungua lake kabla sijafika kwangu kuvua viatu. Mpini unakaa na mwenye zamu. Akilala, unalala naye. Akisafiri, wanasafiri. Baba yake Josiah, Mungu amrehemu, alilazwa hospitali siku yake ya maji, akalazwa na mpini chini ya godoro. Nesi akiuliza, anamwambia ni gongo la kutembelea."

"Na wenzake?"

"Walingoja. Walitukana sana, lakini walingoja."

"Na kama umemaliza kumwagilia mapema? Shamba limelowa, hutaki tena maji?"

"Hata nikimaliza saa tatu. Zamu ni zamu. Saa moja hadi saa moja ya kesho. Ndipo ninapompelekea mwenzangu mlangoni kwake, mkononi."

Dabaso aliuweka mpini juu ya kaunta polepole. Stacy alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Kwetu kwenye mpunga," Stacy alisema, "unatundikwa kwenye msumari. Pale pale kwenye nguzo ya lango. Ukimaliza unatundika, mwingine anachukua. Ukionekana unaenda nao nyumbani, unaitwa mwizi."

"Kwenu watu ni malaika," Jumwa alisema.

Mwanahamisi akachukua mpini na kontena la ugali, akaenda navyo chumba cha mahojiano. Akaagiza Josiah aletwe.

Kijana aliingia bila mkanda wala kamba za viatu, akaketi, akatazama meza kama alivyoitazama Jumanne na Jumatano. Mwanahamisi aliweka chakula upande mmoja. Chuma akakilaza katikati. Grisi ikaacha alama kwenye mbao.

"Sikuulizi habari za wafugaji," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja. Kwenu, huu unalala wapi?"

Josiah alikitazama. Dabaso, aliyekuwa mlangoni, aliacha kuchezesha funguo.

"Chini ya kitanda."

Sauti ilikuwa na kutu ya siku mbili.

"Cha nani?"

"Cha mwenye zamu."

"Mpaka lini?"

"Saa moja asubuhi."

"Na kwenye programu?"

"Niliandika hivyohivyo."

"Saa ishirini na nne."

"Saa ishirini na nne. Niliona ni nyingi. Nikasema labda ndivyo zinavyofanya kazi. Ukurasa ulisema fikiria lango la mfereji. Nikafikiria."

"Hukuijaribu kabla ya kuiwasha?"

"Tuliijaribu. Wakulima Jumatatu, wafugaji Jumatano. Kila mmoja alipata siku yake. Hatukuwahi kuwajaribu siku moja."

Mwanahamisi aliandika yote, neno kwa neno. "Na mto utawafunza adabu?"

"Nilisema."

"Ulikusudia nini?"

"Nilikuwa nimetoka kuona mahindi ya mama. Nilisema tu."

"Haya yote hukuyasema tangu Jumanne."

"Jumanne niliulizwa kwa nini nimemuua yule mama. Sikuwa na jibu la hilo, afande."

Mwanahamisi akasukuma kontena mbele yake. Josiah hakulifungua.

Kwenye korido Philemon alikuwa akingoja na jibu lake. "Madam, mtuhumiwa na mama yake wamepatana kwa hadithi ya chuma. Kesho wakili atasema nini? Kwamba mtu alikufa kwa sababu ya desturi za Bura? Mimi nasema alichagua nani apate na nani akose."

"Hilo linaweza kupimwa," Mwanahamisi alisema. "Stacy, ile programu ya Jumapili, ile yenyewe, unaweza kuiwasha hapa?"

"Nakala tuliyokupa jana, iliyofungwa lakiri."

"Hiyo. Namba uzibadilishe ziwe mbili tu. Saa ishirini na nne uifanye dakika moja, tusilale hapa. Kingine usiguse, na kila unachogusa utaniambia kabla ya kukigusa."

Meza ya kaunta ikapanguswa. Upande wa kulia ikawekwa simu ya Koplo Dabaso juu ya karatasi iliyoandikwa Wafugaji. Upande wa kushoto simu ya Jumwa, yenye picha ya Josiah siku ya mahafali, juu ya karatasi iliyoandikwa Wakulima. Mwanahamisi akatoka mwenyewe hadi kwenye benchi.

"Mzee Abduba, ingia. Kuna kitu uone."

Mzee akainuka kwa fimbo yake, akaingia, akakaa kwenye kiti cha mwisho ukutani. Jumwa alimtazama, akateremsha macho. Abduba hakumtazama mtu.

"Mara ya kwanza," Stacy alisema, akabonyeza.

Simu ya kushoto ikalia. Ya kulia kimya. Wote wakangoja dakika nzima, feni ikizunguka, ndipo ya kulia ikalia. Mwanahamisi akachora kijiti kimoja chini ya neno wakulima.

"Si nilisema?" Philemon alinong'ona.

"Ya pili."

Kushoto tena. Kijiti cha pili. Mtu mmoja aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea aliambiwa akae, akakaa, akaanza kutazama na yeye.

"Ya tatu."

Simu ya kulia ikalia. Ya Dabaso. Simu ya Jumwa ilikaa kimya juu ya karatasi yake. Zikapita sekunde kumi, ishirini, arobaini. Dakika ilipotimia ikalia, na picha ya Josiah ikawaka.

"Umebadilisha nini?" Philemon aliuliza.

"Sijabadilisha kitu," Stacy alisema. "Nyuzi zote mbili zinaanza kazi pamoja. Ule unaowahi mpini ndio unaotangulia. Haijaandikwa popote ni upi uwahi. Siwezi kukwambia mpaka itokee."

"Endelea," Mwanahamisi alisema.

Ya nne, kulia. Ya tano, kulia. Ya sita, kushoto. Waliendelea hivyo hadi kumi. Mwanahamisi alihesabu vijiti mara mbili, halafu akampa Dabaso ahesabu. Wakulima walitangulia mara nne. Wafugaji mara sita.

"Mara sita," Jumwa alisema. Alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili. "Mara sita ningekuwa mimi."

"Kama alikuwa anachagua," Mwanahamisi alimwambia Philemon, "alichagua vibaya. Kila alipowasha, aliweza kumuua mama yake. Sasa turudi kwenye ukurasa. Umesomwa na watu wangapi?"

"Mia mbili na kitu," Philemon alisema. "Hakuna aliyelalamika."

Stacy hakuinua macho. "Kuna kisanduku cha maswali chini yake."

"Mna nini humo?"

"Maswali kumi na saba. Mwezi wa Aprili tulikuwa na wageni wa ufadhili. Philemon alisema ukurasa wenye maswali unaonekana vibaya, tuyafunge. Tukayafunga."

"Yalijibiwa?"

"Yalifungwa."

"Nisomee la ukurasa wa kumi na nne."

Stacy alitafuta. Lilikuwa moja, la mtu wa Madogo, la mwezi wa Februari. Alilisoma bila kupumzika. "Samahani, uzi ukishamaliza kazi, mpini unauweka wapi na saa ngapi? Mwongozo hausemi."

Philemon alikuwa akitazama viatu vyake. Mwanahamisi aliandika jina lake, tarehe, na neno kufungwa, halafu akamwambia asiondoke Garsen bila kumjulisha. Alisema kama anavyomwambia mtu afunge mlango.

"Na watu wa Madogo wanatumia ukurasa huohuo leo?" aliuliza.

"Leo, ndiyo."

"Basi uandike sasa. Hapahapa."

Stacy akavuta kiti, akaandika, akasoma. "Ukimaliza, achia mpini mara moja."

"Ukimaliza nini?" Jumwa aliuliza. "Kumwagilia au zamu?"

Stacy akafuta. Josiah, aliyeletwa na kuketishwa karibu na mama yake, alitazama skrini kwa mara ya kwanza. Stacy akaandika tena, akafuta, akaandika. Ilimchukua karibu nusu saa, na kila alipodhani amemaliza Jumwa alipata mlango wa kupitia. Mara auachie wapi, mara je kama mwenzake hajafika, mara je kama kaanza kazi nyingine. Mwisho akasoma: "Shika mpini kwa muda wa kuweka alama moja tu. Ukishaiweka, rudisha mpini mahali pake kabla hujafanya kitu kingine chochote, hata kama zamu yako haijaisha na hata kama hakuna anayengoja. Usikae nao. Kuna sehemu ambako mwenye zamu huenda na mpini nyumbani. Hapa sivyo. Kabla ya kuwasha programu, jaribu nyuzi zote siku moja."

"Sasa hata mimi nimeelewa," Dabaso alisema.

"Bi Jumwa?"

"Hapo hamna pa kupita."

Stacy akabonyeza, ukurasa ukaenda. Halafu akatoka nje na simu kuwapigia Madogo, na sauti yake ikasikika dirishani ikirudia maneno yaleyale kwa mtu asiyesikia vizuri.

Mwanahamisi alichukua karatasi ya shtaka la mauaji, akaandika juu yake kwamba ushahidi wa kukusudia haupo, akaeleza majaribio kumi, akataja vijiti. Mengine yangeamuliwa na mwendesha mashtaka. Josiah angelala kwao usiku huo kwa dhamana, na kurudi Jumatatu. Jumwa akashukuru mara tatu, akafunga mpini kwenye leso, akakumbuka basi. Josiah alifika mbele ya kile kiti cha mwisho ukutani, akasimama. Akainamisha kichwa. Abduba alimwangalia miguuni, kwenye viatu visivyo na kamba, na kijana akapita.

Philemon na yule wa kitambulisho nao wakatoka, chumba kikabaki na watu watatu. Mwanahamisi alichukua kalamu ya wino, akapitisha juu ya mistari yake ya penseli, mmoja mmoja. Alipomaliza akainuka, akavuta kiti, akaketi karibu na mzee, kwa sababu hakupenda kumsemesha mtu wa umri ule akiwa nyuma ya meza.

"Umeelewa tulichofanya, mzee wangu?"

"Nimeelewa."

"Yule kijana hakukuchagua. Wala hakumchagua Ruwaida. Ile mashine ingeweza kuwaacha wakulima. Kilichokosekana ni maneno mawili matatu kwenye karatasi, na kuna aliyeulizwa akanyamaza, na huyo tutamwuliza."

"Nimeona. Simu ya mama ilinyamaza."

"Umekaa hapa tangu asubuhi. Dabaso alikuuliza unataka nini, hukusema. Kama ni kesi, nitakueleza inavyokwenda. Kama ni fidia, nitakuandikia barua mwenyewe. Kama unataka simu yako, ni yako, nitakupa ukishatia sahihi."

Abduba aliilaza fimbo mapajani. Dabaso aliuliza kwa Kiorma, taratibu, kama anataka amtafsirie. Mzee alitikisa kichwa. Alitaka kulisema mwenyewe.

"Mimi nilitaka yule kijana awe amekusudia," alisema.